Kumpima Aliyedhulumiwa Kabla ya Kumshauri

Maneno yaliyosemwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jambo ambalo katika taarifa za miaka iliyopita lilipewa mstari mmoja tu. Jambo lenyewe ni mashauri ya watu waliodhulumiwa: wanawake waliopigwa na waume zao, watoto waliotendewa maovu na watu wa nyumbani, wasichana waliobakwa, na wanaume pia, ijapokuwa hao huja kwa nadra, na wakija husema wamekuja kwa shauri lingine. Mstari huo ulikuwa ukisema "mashauri ya nyumbani", ukitanguliwa na habari za mazishi na kufuatwa na habari za karo. Sisi tunaoandika daftari twajua ya kuwa nyuma ya mstari huo wako watu, na ya kuwa namna tunavyowapokea siku ya kwanza yaweza kuwafungulia njia ya kupona, au kuifunga.

Tuanze na desturi yetu ilivyo. Mtu hufika ofisini, aghalabu siku ya Jumamosi, wakati wanachama wengine wamekuja kulipa ada. Huketishwa kwenye benchi pamoja nao. Zamu yake ikifika huulizwa shida yake mbele ya wazee watatu na karani, na mlango u wazi kwa sababu ya joto. Husema maneno manne au matano, kisha mzee mmoja humkatiza kwa shauri. Huyu atamwambia, "Mama, nyumba ni uvumilivu, rudi kwa mumeo." Wa pili atasema, "La, aende polisi leo hii." Wa tatu ataona afadhali aende kwao apumzike mpaka hasira ishuke. Hatusemi ya kwamba wazee hao hawana hekima. Kila shauri katika hayo laweza kumfaa mtu fulani siku fulani. Lakini yote yametolewa kabla hatujajua huyu aliye mbele yetu amepatwa na nini hasa, analala au halali, ana mahali pa kukimbilia au hana, na kama jana usiku aliwaza kujiua.

Zamani katika zahanati zetu karibu kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Siku hizi muuguzi hutoboa kidole kwanza, akaitazama damu, maana si kila homa ni malaria, na dawa isiyohusika huuacha ugonjwa wenyewe ukiendelea. Katika mambo ya moyo na akili bado sisi tu watu wa zamani. Twatoa dawa kwanza.

Mtu asidhani ya kuwa twazungumza habari za watu wachache. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 34 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika umri wa miaka 15, na 13 katika kila 100 walikuwa wamepata dhuluma ya kujamiiana wakati fulani maishani. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 habari za utoto wao. Karibu wasichana 16 katika kila 100, na wavulana zaidi ya 6 katika kila 100, walisema walidhulumiwa kwa njia ya kujamiiana kabla hawajatimiza miaka 18. Mwenye kutaka na ahesabu viti vya ukumbi huu, kisha afanye hesabu hiyo kimoyomoyo.

Sasa, kupima ni nini? Tuseme kwanza lisilokuwa. Kupima si kutafuta kama mtu anasema kweli au uongo. Hiyo ni kazi ya polisi na ya hakimu. Wala si mtihani wenye kupita na kuanguka. Wala hakumaanishi kwamba mtu ni mwendawazimu. Twalisema hili la mwisho kwa sababu katika mji huu mtu akisikia neno "akili" hufikiri mara moja habari za Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo jina lake limekuwa tusi midomoni mwa watoto wa mitaani, na hivyo watu wengi wenye kuhitaji msaada huukimbia msaada wenyewe. Kupima ni mtu aliyefundishwa kuketi na aliyedhulumiwa mahali pa faragha, akamtazama, akamsikiliza, akamwuliza maswali yenye mpango, ili ajue jeraha lililo ndani lina kina gani na liko upande gani. Kutokana na hayo ndipo anapojua amshauri nini, ampeleke kwa nani, na kwa haraka gani.

Kuna jambo moja ambalo lingetosha kutufundisha haja ya kupima, hata tusingejua lingine. Mwaka 1972 katika mji wa Boston, Marekani, muuguzi aitwaye Ann Burgess na mtaalamu wa elimu ya jamii aitwaye Lynda Holmstrom walipatana na hospitali ya mji huo kwamba waitwe kila aletwapo mtu aliyebakwa, mchana au usiku. Kwa muda wa mwaka mmoja waliwaona watu 146, na mwaka 1974 wakaandika waliyoyaona. Waliona ya kuwa katika saa za kwanza wanawake wale walikuwa wa namna mbili, na namna hizo zilikaribia kulingana kwa idadi. Wa kwanza walilia, walitetemeka, walionyesha hofu na hasira zao waziwazi. Wa pili waliketi kimya, nyuso zimetulia, wakajibu maswali kama mtu anayejibu habari za ng'ombe wa jirani. Na hao wa pili walikuwa wameumia sawasawa na wa kwanza. Baadaye wote walipatwa na kukosa usingizi, ndoto mbaya, maumivu ya kichwa na tumbo, kushtuka kwa mlio mdogo, na wengi wakahama nyumba zao.

Tafakarini maana yake kwetu. Anayelia, sisi humwamini na kumhurumia. Aliyetulia, tunasema, "Huyu hana neno," au, vibaya zaidi, "Huyu anadanganya, mbona halii?" Kwa hiyo tukihukumu kwa macho tu, nusu ya watu huenda wakatuponyoka.

Alikuja ofisini mama mmoja, wala hatutaji mtaa wake wala mwezi aliokuja, kuuliza habari za mkopo wa karo ya mwanawe. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, nguo zake safi, risiti zake zimepangwa vizuri ndani ya bahasha. Bibi mmoja wa halmashauri, ambaye alikwisha kupata mafunzo ya ushauri nasaha kanisani kwake, aliona kwamba kila mlango ulipofunguliwa mama yule aliacha kusema katikati ya neno. Walipobaki wawili akamwuliza swali moja tu: "Mama, usiku unalalaje?" Mama yule akajibu kwamba kwa muda wa majuma matatu amekuwa akilala kwenye kiti karibu na mlango, viatu viko miguuni. Hakusema amepigwa. Alisema viatu viko miguuni. Mengine yalifuata polepole, siku hiyo na siku nyingine mbili, na yalipokwisha kujulikana ilionekana kwamba mkopo wa karo haukuwa shida ya kwanza hata kidogo.

Serikali yetu yenyewe inaujua upimaji huu. Baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ilitengenezwa fomu ya Wizara ya Afya nambari 363, ambayo hujazwa hospitalini mtu anapokuja baada ya kubakwa au kunajisiwa. Wengi wetu twaijua fomu ya polisi, yaani P3, lakini hii ya hospitali hatuijui, nayo ndiyo inayojazwa kwanza. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: majeraha, vipimo, dawa alizopewa. Ndiyo inayokumbukwa, na ni haki ikumbukwe, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na dawa ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Sehemu ya pili ni ya nafsi. Humo mpimaji huandika sura na mwenendo wa mtu, jinsi anavyozungumza, hali ya moyo wake, mawazo yanayomjia na kama yanafuatana, kama anasikia au kuona yasiyokuwepo, kumbukumbu yake, kama anajua yuko wapi na leo ni siku gani, kama aweza kushika jambo moja bila ya kutangatanga, na kama anaelewa yaliyompata. Mwisho huandika apelekwe wapi, na mtu akirudi huulizwa kama alifika huko alikopelekwa. Matibabu hayo katika hospitali za umma ni juu ya Serikali. Mwanachama akiambiwa alipe, na aje kutuona.

Maneno yale ya fomu yaweza kuonekana makavu. Lakini kila moja lina kazi yake. Mtu asiyejua leo ni siku gani huenda amepigwa kichwani, naye anahitaji daktari kabla ya mshauri. Mtu asiyeweza kushika neno kwa dakika mbili, kumpa mawaidha ya saa nzima ni kumwaga maji juu ya jiwe.

Natutoe mfano. Wanawake watatu wamepigwa na waume zao, na alama zao za mwilini zimefanana. Wa kwanza kila akisikia pikipiki huona tena usiku ule, kana kwamba unatendeka sasa; huepuka chumba kile, huota, hushtuka, na hali hiyo imedumu zaidi ya mwezi. Huyu ana kiwewe, na kuna matibabu ya mazungumzo yaliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, yanayomfundisha mtu taratibu kuikabili kumbukumbu yake bila ya kuzama ndani yake. Wa pili haoti wala hashtuki, bali hana nguvu ya kuamka, chakula hakina ladha, anasema watoto wangekuwa heri bila yeye, na ameweka dawa ya kuulia wadudu chini ya kitanda. Huyu ni wa kupelekwa hospitali leo, tena asiachwe peke yake njiani, na ile dawa iondolewe nyumbani. Wa tatu ana huzuni na hasira kama mtu yeyote angekuwa nazo, lakini analala, anakula, anapanga mambo yake. Anachokosa ni kodi ya mwezi mmoja ili atoke. Huyu ukimpa ushauri nasaha wa miezi sita na usimpe kodi, umemcheza shere. Shauri moja likitolewa kwa wote watatu, mmoja atafaidika, mmoja atapoteza wakati, na mmoja huenda tukamzika. Hazina ya mazishi tunayo, nayo ina fedha nyingi kuliko hazina zetu zote nyingine. Hatujui kama hilo ni jambo la kujisifia.

Juu ya swali la kujiua, wengine huogopa kwamba kumwuliza mtu ni kumtia wazo hilo kichwani. Waliolichunguza hawakuona hivyo. Aliye nalo huona nafuu kwamba ameulizwa, na asiye nalo husema hana. Liulizwe kwa maneno ya wazi, bila ya kuzunguka.

Liko pia swali la hatari. Muuguzi Mmarekani, Jacquelyn Campbell, alianza mwaka 1985 kukusanya maswali yanayosaidia kujua kama mwanamke anayepigwa yu karibu kuuawa, na katika umbo lake la baadaye maswali hayo ni 20. Huulizwa kama mapigo yamezidi katika mwaka uliopita, kama mume ana silaha, kama amewahi kumkaba koo, kama ametishia kumwua, kama anamfuata kila aendako kwa wivu, kama mwanamke amejaribu kuondoka karibuni. Angalieni hilo la mwisho. Twafikiri mwanamke akiondoka amesalimika, kumbe wakati wa kuondoka ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa. Na kukabwa koo, ambako wazee wengine hukuita ugomvi wa kawaida kwa kuwa hakukuacha alama, ni ishara mbaya kuliko jino lililong'oka. Mzee anayesema "rudi kwa mumeo" pasipo kuuliza kama alikabwa koo anatia sahihi karatasi asiyoisoma.

Tuje kwenye maswali yaliyochapwa. Yako ya namna nyingi, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa hapa nchini. Yanayotumika sana katika kupima huzuni nzito ni maswali 9 juu ya majuma mawili yaliyopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mwenye kufikisha 10 au zaidi hutazamwa kwa makini zaidi. Ya kiwewe ni maswali 20 juu ya mwezi mmoja uliopita. Sisi makarani twapenda hesabu, na hapa ndipo penye hatari. Alama si ugonjwa. Alama ni kama kengele ya mlango. Hukuambia kuna mtu nje, haikuambii ni nani. Mwenye alama 9 anayefikiri kujiua yu katika hatari kuliko mwenye 14 asiyefikiri hivyo.

Tena lugha. Ukimwuliza mama wa Makongeni au wa Kaloleni kama ana "sonona", atakutazama tu. Lakini atakuambia kwamba siku hizi anafikiria sana, kwamba kichwa kinawaka moto, kwamba moyo unamwenda mbio, kwamba mwili umekufa ganzi, kwamba hana raha. Huko ndiko kusema kwake, na mpimaji mwema huandika maneno hayohayo kama yalivyosemwa, ndipo ayatie katika safu zake. Wengine hawatasema lolote la moyo, watasema tumbo. Mwanamke anayerudi zahanati mara tano kwa tumbo lisiloonekana na ugonjwa yafaa aulizwe, kwa upole na bila ya mumewe kuwepo, kama nyumbani ni salama. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 halikusema kila mwanamke aulizwe kila aendapo zahanati. Lilisema aulizwe pale dalili zinapoleta shaka, na pasiulizwe neno mbele ya mtu mwingine.

Mwongozo huohuo umeonya juu ya kosa ambalo watu wenye huruma hulifanya, nalo ni kumlazimisha aliyeumia asimulie yote siku ya kwanza kwa kudhani kwamba akiyatoa yote atapona. Haiponyi. Siku za kwanza apewe usalama, chakula, mtu wa kukaa naye, na masikio yasiyomhukumu. Kutolala na kutetemeka katika majuma ya kwanza ni mwili unaofanya kazi yake. Wengi hupungukiwa na hali hiyo wenyewe wakiwa na watu wema karibu. Kwa sababu hiyo kupima si kwa siku moja. Mtu atazamwe siku anapokuja, kisha baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, na anayezidi kuharibikiwa ndiye apelekwe kwa mtaalamu. Kwetu hapa mtu huja mara moja, akapewa shauri, na faili ikafungwa.

Watoto wahitaji maneno yao peke yao. Fomu ile ya Wizara yasema kwamba mawazo ya mtoto yatafutwe kwa njia ya matakwa na ndoto zake, michoro na michezo. Mtoto wa miaka sita hawezi kusema "nina hofu", lakini atachora nyumba isiyo na mlango, au atacheza na mwanasesere kwa namna ya kukushangaza. Hapo pia pana mtego. Mchoro haumthibitishi mtu kuwa mwovu, na mtoto asiyeonyesha dalili yoyote hakuthibitisha kwamba hakutendewa neno. Dalili ni za kumwita mwenye ujuzi: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, aliyekuwa wa kwanza darasani akawa wa mwisho, anayekataa kwenda kwa mjomba fulani bila ya kusema sababu, anayejua mambo ya watu wazima kupita umri wake. Akianza kusema, asiulizwe maswali yenye jibu ndani yake, kama "Ni baba mdogo, sivyo?" Aulizwe, "Kisha ikawaje?" Na asisimulishwe na mama, kisha shangazi, kisha mwalimu, kisha mzee wa mtaa, kisha sisi. Kila kusimulia ni kuumia upya, na kila anayeuliza huacha maneno yake kinywani mwa mtoto. Anayetaka msaada wakati wowote aweza kupiga simu 116, ambayo ni ya watoto wa Kenya na hailipiwi.

Wengi watauliza, na wameuliza katika halmashauri: chama cha watu wa kawaida kitapata wapi wataalamu? Ni kweli kwamba madaktari wa akili nchini ni wachache. Lakini kuna habari njema iliyotoka hapa hapa Nairobi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 421 wa pembezoni mwa mji, wengi wao wakiwa waliwahi kudhulumiwa, waliulizwa kwanza maswali ya kupima mashaka ya moyo, kisha wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa na wahudumu wa afya wa mitaa, watu wasio madaktari wala wauguzi, waliofundishwa na kusimamiwa, wakawapa mazungumzo matano, moja kila juma: jinsi ya kutuliza mwili, jinsi ya kuikabili shida moja moja, jinsi ya kurudi katika shughuli, jinsi ya kujipatia watu wa kuwategemea. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Baada ya miezi mitatu wale wa kwanza walikuwa na mashaka machache kuliko wa pili. Vilevile huko Bungoma, na Moshi ng'ambo ya mpaka, watu wasio wataalamu walifundishwa matibabu ya kiwewe kwa watoto mayatima 640, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba upande wa Kenya watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao hata mwaka mmoja baadaye. Hawa ni watu kama sisi. Tofauti ni kwamba walifundishwa, walisimamiwa na mtu mwenye ujuzi, na walianza kwa kupima.

Neno moja juu ya daftari, ambalo ni letu hasa. Yanayosemwa na aliyedhulumiwa hayawezi kuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano ambacho kila mwanachama ana haki ya kukisoma. Tangu mwaka 1963 nchi hii ina serikali yake, na tangu mwaka 2019 ina sheria ya kulinda habari za watu. Lakini kabati letu la faili, Bwana Mwenyekiti, halina kufuli. Mama akijua kwamba maneno yake yatamfikia mumewe kabla yeye hajafika nyumbani, hatatuambia la kweli, na upimaji wote utakuwa bure. Twaomba faili za namna hii ziandikwe nambari pasipo jina, na funguo ziwe mbili tu.

Na tusifanye suluhu kabla ya kupima. Twajua uzito wa neno hili mbele ya wazee waliosuluhisha nyumba nyingi na kuziokoa. Suluhu ni kazi njema panapokuwa na ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa. Lakini palipo na mmoja anayeogopa, yeye atakubali lolote ili atoke chumbani, na sisi tutaandika "wamepatana". Kwa habari ya kubakwa na kunajisi watoto, hata hiari hiyo hatunayo: kwa kifungu cha 40 cha sheria ile ya mwaka 2006, kuiacha kesi si shauri la jamaa wala la chama, na mbuzi waliopokewa na baba wa msichana hawaifuti. Tumewahi kuletewa hati ya mapatano ya namna hiyo tuipige mhuri. Hatukuipiga.

Basi halmashauri inaleta mbele yenu mambo haya ili myapigie kura: chumba kile cha nyuma kinachohifadhi viti vya matanga kitengwe kiwe cha faragha, chenye mlango unaofungika, wanachama wanne, wawili wao wanawake, wapelekwe kujifunza kupokea na kupima kwa hatua ya kwanza, mshauri nasaha aliyesajiliwa kwa sheria ya mwaka 2014 alipwe aje mara mbili kwa mwezi awasimamie, na mtu yeyote aliyedhulumiwa asipewe shauri la kurudi, kuondoka wala kupatana mpaka ameulizwa juu ya usalama wake, usingizi wake na uhai wake. Fedha zinazotakiwa zimeandikwa katika karatasi ya hesabu iliyo mwishoni mwa kitabu hiki, nazo zitatoka katika ziada ya hazina ya mazishi ikiwa mkutano utakubali. Bwana mweka hazina yuko tayari kuulizwa, na karatasi za kura ziko mezani karibu na mlango.